Mfupa wa Mpakani

Baba mkwe aliuweka mpaka kwa alichokipata:
mawe mekundu, mazito kushinda ukubwa wao,
yanayochipuka ardhini kila mvua ya kwanza
kama meno ya mtoto, bila kuitwa.
Huku Sidam, kule Tekam, katikati rundo.
Miaka arobaini tuligombea rundo lile:
limesogea, halijasogea,
nani kalisogeza usiku.

Mwaka wa deni la dawa ya pamba
Maru Tekam alimpasua mume wangu kichwa
kwa jiwe la rundoni.
Nyuzi saba, hospitali ya Asifabad.
Jiwe nikaliosha, nikalirudisha mahali pake.
Mpaka ni mpaka.

Ndipo akaja binti wa Kolkata, Shromona Lahiri,
buti zimekula udongo hadi kwenye kamba.
Akapiga magoti mbele ya rundo;
nikadhani anasali.
Akalilamba jiwe.
Ndiyo, akalilamba, kwa ncha ya ulimi,
akacheka peke yake.
"Limenata," akasema. "Jiwe halinati, mama.
Mfupa hunata."

Huyu, akasema, alikuwa na mdomo wa kasuku
na tumbo la nguruwe, akifukua mizizi
hapo hapo unapopalilia.
Na huyu ni mamba asiye mamba,
pua zake ziko juu, jirani na macho,
alikuwa akilala mtoni, akivizia.
Mto gani? nikauliza.
Akanyosha mkono, akaupitisha
juu ya pamba yetu, juu ya pamba ya Tekam,
hakuona pa kuukatia.

Miaka milioni mia mbili na zaidi, akasema.
Sikuihesabu. Mimi nahesabu magunia.

Walichimba chini ya rundo siku kumi na moja.
Nilipeleka chai, mchana nikapeleka na maji.
Mwenye mdomo wa kasuku alikuwa amelala mzima,
ubavu kwa ubavu na mpaka wetu, kisha akaukata:
kichwa shambani kwetu,
mkia kwa Tekam.
Maru alikuja na shoka begani.
Akatazama muda mrefu. Akauliza:
"Sasa huyu alikufa kwa nani?"
Hakuna aliyemjibu, na hakuna aliyecheka.

Wakamvika plasta na magunia
kama walivyomfunga mume wangu kichwa,
ila huyu hakulalamika.
Kumwinua kulitaka wanaume wanane. Sisi tulikuwa na sita.
Maru akaweka shoka chini, akamwita mwanawe.
Mti mmoja, bega lake na bega la mume wangu,
na kovu lile katikati, la nyuzi saba.
Salamu hawakupeana.
Lakini mzigo wa namna ile
lazima mmoja aseme "haya, sasa."
Maru ndiye aliyesema.

Lori likaondoka. Limebaki shimo.
Mvua ya kwanza ikalijaza, vyura wakahamia,
ng'ombe wa Tekam hunywa upande wao,
wa kwetu hunywa upande wetu,
maji hayajui.
Sisemi tumepatana. Juzi tu
wametukanana kwa ajili ya mbuzi.

Jino moja nililificha.
Dogo, lina matuta kama kitana kilichovunjika.
La kamongo, alisema Shromona,
samaki wa mapafu, ambaye mto ukikauka
hujizika topeni, akaingoja mvua.
Wanasema subira huvuta heri.
Yeye alisubiri. Mvua ilinyesha, naamini ilinyesha,
ikaleta tope juu ya tope,
mafuriko juu ya mafuriko,
na hakuna tone lililomwamsha.

Mwaka huu mawingu yanapita kama wageni wa jirani.
Pamba imefika magotini na imekwama.
Mwenye duka la mbegu amekuja mara mbili.
Jioni, watu wakilala,
nalitoa jino kwenye pindo la sari,
naliweka ulimini, upande wake wa chini.
Linanata.
Linanyonya mate yangu yote,
na bado lina kiu.